Nani anafuatilia utekelezaji wa mkataba wa CEDAW, na taarifa yetu kuhusu mirathi ya wajane itakuwa na uzito gani?

Msaidizi wa Shinyanga aliuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Mimi ni msaidizi wa kisheria katika wilaya mojawapo ya mkoa wa Shinyanga. Kikundi chetu kimeombwa na mashirika wenzetu kuchangia taarifa mbadala, yaani ile ya mashirika inayoandikwa kando ya taarifa ya Serikali, itakayopelekwa Geneva, kwenye Kamati inayosimamia Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake, ambao wengi wetu tumezoea kuuita CEDAW. Tunalo daftari kubwa la mashauri tuliyopokea, na sehemu kubwa ni ya mirathi. Kurasa zake zinafanana mno: mume anafariki, kikao cha ukoo kinakaa kabla hata matanga hayajaanuliwa, muhtasari unaandikwa ambao jina la mjane halimo katika orodha ya warithi, shemeji anapendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi, kisha muhtasari ule unapelekwa Mahakama ya Mwanzo na kupokelewa kama ulivyo. Mjane anapokuja kwetu, mara nyingi bati za nyumba zimeshaezuliwa au shamba limeshapimwa hatua na kugawiwa watu wengine.

Ninayo maswali matatu ambayo wenzangu wameniagiza niyalete hapa. Kwanza, nani hasa anafuatilia kama nchi imetimiza ilichokiahidi katika mkataba kama huu, na kwa utaratibu upi? Pili, Serikali ikipokea mapendekezo na kuyaweka kabatini, kinafuata nini? Tatu, tuandike nini na tuandikeje ili daftari letu lisiishie kuwa masimulizi ya huzuni yatakayosomwa na kusahauliwa? Naomba majibu kutoka kwa waliowahi kuifanya kazi hii, kwa kuwa maelezo ya semina tumeshayapata ya kutosha.

Mama Taarifa, Dodoma, alijibu:

Ndugu Msaidizi, karibu. Nimeshiriki kuandaa taarifa za namna hiyo kwa upande wa mashirika, kwa hiyo nitaanza na utaratibu, ingawa ni mkavu kidogo, kwa sababu bila kuujua mtapeleka taarifa nzuri mahali pabaya au kwa wakati usiofaa.

Mkataba ulipitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 18 Desemba 1979 na kuanza kutumika tarehe 3 Septemba 1981. Tanzania iliuridhia mwaka 1985, na jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba iliuridhia wote, bila kujitoa katika kifungu chochote. Kifungu cha 18 kinaitaka kila nchi mwanachama ipeleke taarifa ya kwanza ndani ya mwaka mmoja, na baada ya hapo kila baada ya miaka minne au wakati wowote Kamati itakapoomba. Kamati yenyewe ina wataalamu 23 wanaochaguliwa na nchi wanachama, lakini kila mmoja anakaa pale kwa nafsi yake na si kwa niaba ya serikali yake, na nchi yake inapojadiliwa yeye hukaa kando.

Sasa linganisheni maandishi na uhalisia. Taarifa ya kwanza ya Tanzania ilijadiliwa mwaka 1990, zilizofuata mwaka 1998, kisha 2008, kisha 2016. Ile miaka minne ya Kifungu cha 18 imekuwa minane na hata zaidi. Si Tanzania peke yake. Nchi nyingi huchelewa, na Kamati nayo huwa na foleni ndefu ya taarifa zinazosubiri, ndiyo maana taarifa mbili au tatu huunganishwa na kujadiliwa kwa pamoja. Hata hivyo, kwa mjane aliyefukuzwa mwaka 2009, maana yake ni kwamba suala lake halikuweza kuulizwa katika ukumbi ule hadi mwaka 2016.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Kabla ya mjadala, Kamati huandaa orodha ya maswali kwa Serikali, na hapo ndipo taarifa yenu inapopaswa kufika mara ya kwanza, kwa kuwa jambo lisiloingia kwenye orodha ya maswali hupata shida sana kuingia baadaye. Serikali hujibu kwa maandishi. Kisha ujumbe wa Serikali huenda Geneva na kuhojiwa, kwa kawaida katika vipindi viwili vya saa tatu tatu. Kabla ya hapo mashirika hupewa nafasi fupi ya kuzungumza na wataalamu. Baada ya mjadala Kamati hutoa maoni yake ya mwisho, yakiwa na mambo inayoyasifu, mambo yanayoitia wasiwasi na mapendekezo, na huchagua machache kati ya hayo ambayo Serikali inatakiwa kuyatolea maelezo ndani ya miaka miwili bila kungoja duru inayofuata.

Kuhusu namna ya kuandika, nitasema kwa ukali kidogo. Taarifa ya shirika moja inatakiwa isizidi maneno 3,300, na ya umoja wa mashirika isizidi 6,600, wakati taarifa ya Serikali inaruhusiwa kufika maneno 21,200. Maneno mtakayoyatumia kueleza historia ya kikundi chenu na kuwashukuru wafadhili yote yamepotea. Mtaalamu anayesoma ana nchi kadhaa mezani kwa kipindi kimoja, na ukumbini atapata dakika chache tu za kuuliza. Akiuliza swali la jumla kuhusu mirathi, atajibiwa kwa ujumla kwamba sheria husika zinafanyiwa mapitio, na muda wake utakuwa umekwisha. Lakini akiwa na aya yenu inayotaja kanuni ipi ya sheria ipi inatumika, katika mahakama za ngazi gani, na nini kinamtokea mjane kati ya kikao cha ukoo na uteuzi wa msimamizi, ataweza kuuliza kama hakimu wa Mahakama ya Mwanzo ana wajibu wowote wa kumwita mjane kabla ya kuupokea muhtasari. Swali hilo ni gumu kulikwepa.

Aya nzuri, kwa uzoefu wangu, hufunga vitu vinne kwa pamoja: kifungu cha mkataba, kanuni ya sheria ya nchi inayopingana nacho, mnachokiona wilayani kwenu, na pendekezo moja linaloweza kupimwa baada ya miaka michache. Kwa mirathi vifungu vyenu ni cha 2, 5, 15 na 16, na msikiache cha 14 kinachohusu wanawake wa vijijini, ambacho Kamati ilikitolea ufafanuzi mrefu mwaka 2016 katika Pendekezo la Jumla Na. 34.

Mzee wa Ukerewe alijibu:

Naomba nipishane na waliotangulia, kwa heshima zote. Nimefanya kazi serikalini kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, na nimeziona nyaraka za aina hii zikija na kuondoka. Geneva haina polisi. Kamati haiwezi kufuta kifungu hata kimoja cha sheria yetu, wala kumwamuru hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, wala kurudisha bati moja juu ya nyumba. Tumeuridhia mkataba mwaka 1985, na msaidizi huyu anatueleza kwamba mambo bado ni yale yale.

Hata mahakama zetu wenyewe, ambazo zina nguvu ya sheria, hazisikilizwi haraka. Chukueni suala la umri wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi, na wa miaka 14 kwa idhini ya mahakama. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alilipeleka suala hilo Mahakama Kuu akashinda mwaka 2016, Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu ile Oktoba 2019. Bunge lilipaswa kurekebisha vifungu vile ndani ya mwaka mmoja, lakini miaka ikapita. Ikiwa hukumu ya Mahakama ya Rufani inasubirishwa kiasi hicho, maoni ya wataalamu 23 walioko ng'ambo yatasubirishwa kwa muda gani?

Jambo la pili ni mila. Katika ukoo wetu mjane hakuwa akifukuzwa. Alikuwa na haki ya kukaa, kulima na kutunzwa, na shemeji aliyemtupa alionekana mtu wa ovyo. Nachelea kwamba tunaandika taarifa inayoishtaki mila nzima kwa makosa ya watu walioitupa mila hiyo kwa tamaa ya mali.

Wakili, Mwanza, alijibu:

Mzee wangu wa Ukerewe, shikamoo. Hoja zako zote mbili ni nzito, na ninakubaliana na sehemu ya kila moja. Naomba nianze na ya pili, kwa sababu ndiyo iliyo kiini cha taarifa ya msaidizi huyu.

Kinachotumika mahakamani leo ni Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililoziweka sheria za mila za mirathi katika maandishi na kuzifanya zitumike katika wilaya nyingi kwa mfano mmoja. Mila unayoielezea wewe, ambayo wazee waliweza kuikunja kulingana na mjane na hali yake, haimo humo. Kazi ya kukusanya na kuoanisha mila hizo iliongozwa na Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali tangu enzi za Mwingereza, naye aliwahi kuandika juu ya mila za Wahaya na Wasukuma. Kwa mujibu wa kanuni zile, mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Watoto wa kike wanawekwa daraja la tatu, nyuma ya mwana wa kwanza wa kiume na ndugu zake wa kiume. Ule wajibu wa shemeji wa kumtunza mjane, ambao wewe unaukumbuka na mimi nauheshimu, hakimu hana namna rahisi ya kuusimamia, lakini kanuni inayomnyima fungu anayo mezani. Kwa hiyo taarifa inaweza kusema hivyo hivyo, kwamba kinacholalamikiwa ni tangazo la serikali lililotiwa saini, na hapo hakuna anayeishtaki mila ya mtu.

Kuhusu hoja yako ya kwanza, Geneva haina polisi, ni kweli. Lakini Tanzania ilijiunga pia na Itifaki ya Hiari ya mkataba huu mwaka 2006, na kwa itifaki hiyo mtu aliyemaliza njia zote za kisheria za nyumbani anaweza kupeleka malalamiko yake mwenyewe kwenye Kamati. Ndugu Msaidizi, huenda mnajua kwamba shauri maarufu kabisa la Tanzania chini ya itifaki hiyo lilitoka kwa Wasukuma wa Shinyanga, yaani kwenu.

Wajane wawili, wanaotajwa katika kumbukumbu za Kamati kwa herufi E.S. na S.C. tu, walifiwa na waume zao wakiwa bado vijana, wakanyimwa urithi na kufukuzwa na wakwe katika nyumba walizokuwa wakiishi. Walifungua shauri Mahakama Kuu kupinga kanuni zile za mwaka 1963. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzibatilisha, ikihofia kwamba kubadili mila kwa hukumu ya mahakama kungefungulia mlango kila mila nyingine ipingwe, na ikawaelekeza kwenye halmashauri za wilaya, ambazo kisheria zinaweza kupendekeza marekebisho ya sheria za mila za eneo lao. Walikata rufaa. Miaka minne baadaye, Desemba 2010, Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa yao kwa kasoro ya tarehe katika hati ya amri iliyotoka Mahakama Kuu. Kosa la tarehe, tena ambalo si wao waliolifanya, ndilo lililofunga mlango. Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, WLAC, kikishirikiana na kliniki ya haki za wanawake ya chuo kikuu cha Georgetown, kiliwasaidia kulipeleka shauri Geneva.

Tarehe 2 Machi 2015 Kamati ilitoa maoni yake. Ilikuta kwamba Tanzania imevunja vifungu kadhaa vya mkataba, ikiwemo wajibu wa kufuta sheria na mila za kibaguzi, haki ya usawa mbele ya sheria na usawa katika ndoa na mali. Ilipendekeza wajane wale walipwe fidia, kanuni za mila zifutwe au zirekebishwe ili wanawake na wanaume wawe na haki sawa za kusimamia na kurithi mali, na Serikali ijibu kwa maandishi ndani ya miezi sita. Miaka ilipita baada ya hapo bila tangazo lile kufutwa, na hapo Mzee ana haki ya kunicheka.

Hata hivyo naona faida moja ambayo si ndogo. Tangu mwaka 2015, hakuna mwanasheria wa Serikali anayeweza kusimama Geneva na kudai kwamba tatizo hili halijathibitishwa. Mjadala wa kama kanuni zile ni za kibaguzi ulikwishafungwa, kwanza na Mahakama Kuu yetu wenyewe mwaka 2006, kisha na Kamati. Kinachobaki kuulizwa ni lini zitaondolewa, na kwa nini bado hazijaondolewa. Aidha maoni haya husomwa na majaji. Mwaka 1990, kabla ya itifaki yoyote, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua shauri la mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake na kuliuza, akafunguliwa kesi na jamaa wa ukoo aliyedai kwamba mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Jaji alitumia Katiba pamoja na mkataba huu wa CEDAW kusema kwamba mwanamke ana haki ile ile ya kuuza aliyo nayo mwanamume. Mkataba ulifanya kazi hapo bila Geneva kumtuma mtu yeyote.

Jirani wa Kisumu alijibu:

Nimesoma kwa makini, na ningependa kuongeza la upande wa Kenya, kwa kuwa linaonyesha jambo hili kwa pembe nyingine.

Sisi tulijiunga na mkataba huu mwaka 1984, lakini Itifaki ya Hiari hatujajiunga nayo, kwa hiyo mjane wa Kisumu hawezi kupeleka malalamiko yake kwenye Kamati kama walivyofanya akina E.S. na S.C. Tulichopata badala yake ni Katiba ya 2010, ambayo Kifungu chake cha 2(6) kinasema kwamba mkataba wowote ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya. Hata kabla ya Katiba hiyo, mwaka 2005, Mahakama ya Rufani iliyoketi Eldoret iliamua rufaa ya Rono dhidi ya Rono, ambapo Mahakama Kuu ilikuwa imewapa wana wa kiume ekari 30 kila mmoja na mabinti ekari 5 kila mmoja, kwa hoja kwamba mabinti wataolewa. Mahakama ya Rufani ilirejelea mkataba wa CEDAW na kuugawa upya urithi ule kwa usawa.

Lakini msituonee wivu sana. Katiba hiyo hiyo inataka watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Mahakama ya Juu ilitoa ushauri mwaka 2012 na kuweka ukomo wa Agosti 2015, Bunge likashindwa, na Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo. Bunge halikuvunjwa. Kwa hiyo nakubaliana na Mzee wa Ukerewe kwamba kutotii si ugonjwa wa mikataba ya kimataifa peke yake, na kwa sababu hiyo hiyo sioni kwa nini tuiache mikataba kwa kosa ambalo hata katiba zetu zinatendewa.

Msaidizi wa Shinyanga aliandika tena:

Nawashukuru sana, na Mzee shikamoo. Shauri la wajane wawili tulikuwa tumelisikia kwa juu juu tu, wala hatukujua kwamba Mahakama Kuu iliwaelekeza kwenye halmashauri. Naomba kuuliza mawili ya nyongeza. Je, mbali na Kamati hii kuna mahali pengine pa kupeleka suala hili, hasa hapa Afrika? Na tufanyeje kuhusu majina ya wajane, maana baadhi yao bado wanaishi jirani na wakwe waliowafukuza?

Wakili, Mwanza, alijibu:

Barani Afrika kuna Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003 kuhusu haki za wanawake, ambayo Tanzania ni mwanachama wake, na Kifungu chake cha 21 kinasema waziwazi kwamba mjane ana haki ya kupata fungu la haki katika urithi wa mali ya mumewe na kuendelea kuishi katika nyumba ya ndoa. Hilo ni wazi kuliko lugha ya CEDAW, kwa hiyo litajeni. Nchi wanachama hutoa taarifa kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul, na mashirika yanaweza kupeleka taarifa mbadala huko pia.

Mahakama ya Afrika iko Arusha, karibu kabisa na sisi, na mwaka 2018 iliihukumu Mali kwa kuvunja Itifaki ya Maputo katika sheria yake ya familia, ikiwa ni pamoja na umri wa ndoa na mirathi. Shauri hilo lilifunguliwa na mashirika. Kwa bahati mbaya, Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililokuwa likiwaruhusu watu binafsi na mashirika kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo, kwa hiyo mlango huo kwa sasa haupitiki kwenu. Na nyumbani nako, marekebisho ya mwaka 2020 ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi yalimtaka anayefungua shauri la kikatiba aonyeshe namna alivyoathirika yeye binafsi. Kwa marekebisho hayo shirika halikuweza tena kufungua kwa niaba ya wajane kwa jumla. Mjane mwenyewe alilazimika kusimama. Hili nalo liandikeni katika taarifa, maana Kamati hupenda kujua kama njia za nyumbani zinapitika.

Bi Unguja alijibu:

Nami naomba kuongeza neno fupi. Serikali ya Muungano ndiyo inayoripoti, lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki Zanzibar, na mirathi ya Waislamu huku husikilizwa na Mahakama za Kadhi, ambapo mjane ana fungu linalojulikana, ingawa kulipata mkononi ni jambo jingine. Taarifa zinazoandikwa bara mara nyingi hututaja katika aya moja mwishoni. Tafadhali waandaaji wenu wawasiliane na mashirika ya huku mapema, tuiandike sehemu yetu wenyewe.

Mama Taarifa, Dodoma, alijibu:

Bi Unguja amesema kweli, na nimelipokea.

Ndugu Msaidizi, kuhusu majina: msiyaweke kabisa. Taarifa za mashirika huchapishwa kwenye tovuti ya Umoja wa Mataifa isipokuwa mkiomba zihifadhiwe kwa siri, na yeyote mwenye simu anaweza kuzisoma, shemeji akiwemo. Msitaje hata kijiji pale ambapo kijiji kina wajane wachache wanaojulikana, wilaya inatosha. Nakala yenye majina ibaki kwenu imefungiwa, na kila mjane aulizwe kwa lugha anayoielewa kama anaridhia habari yake itumike, na jibu lake liandikwe.

Kisha chukueni daftari lenu na mwongeze safu kabla hamjaanza kuhesabu. Andikeni tarehe ya kifo na tarehe ya kikao cha ukoo, muone ni siku ngapi zimepita katikati. Andikeni kama mjane alikuwepo kikaoni, kama alisaini au kuweka dole gumba, na kama jina lake limo katika orodha ya warithi. Andikeni nani aliomba usimamizi katika Mahakama ya Mwanzo, kama mjane alipata taarifa ya maombi yale au aliliona tangazo limebandikwa baada ya muda wa pingamizi kupita, na kama hakimu alitaja sheria ya mila, sheria ya Kiislamu au hakutaja sheria yoyote. Safu ya mwisho iwe ya ardhi, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukaa au kutumia ardhi. Mkiona shamba limegawiwa kwa kanuni za 1963 wakati sheria ya 1999 inakataza, mmepata sheria mbili za nchi moja zinazopingana, na hilo linamhusu Waziri wa Sheria moja kwa moja.

Nyaraka za maoni ya mwisho ya Kamati, za mwaka 2008 na 2016, ziwekeni kando kando mkiandika. Katika zote mbili Kamati ilionyesha wasiwasi kuhusu sheria za ndoa na mirathi, kwa hiyo aya yenu ianzie pale ilipoishia Kamati, ieleze kilichobadilika wilayani kwenu tangu wakati huo na kisichobadilika. Taarifa ile ile pelekeni kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo nayo inaweza kuandika kwa Kamati kwa nafasi yake yenyewe, na kwa Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum inayoandaa taarifa ya nchi. Msiogope kuipa Wizara. Maofisa wake mara nyingi wanahitaji takwimu za wilayani kuliko mnavyodhani, na kuna wakati wao ndio wanaotaka swali liulizwe ukumbini ili wapate nguvu ya kulisukuma serikalini.

Mzee wa Ukerewe alijibu:

Wakili, marahaba, na wewe Msaidizi marahaba. Bado siamini sana katika Geneva, lakini hili la halmashauri limenigusa. Nimehudhuria vikao vya madiwani miaka mingi, na sikumbuki hata kimoja ambapo sheria za mila za mirathi ziliwekwa kwenye ajenda. Ikiwa Mahakama Kuu ilisema mwaka 2006 kwamba njia ni hiyo, basi mwulizeni diwani wenu wa viti maalumu aombe kwa maandishi kujua kama halmashauri yenu imewahi kupokea au kupendekeza marekebisho yoyote ya tangazo lile. Mkurugenzi atalazimika kujibu. Jibu likiwa ndiyo, mna pa kuanzia. Likiwa hapana, liambatanisheni na taarifa yenu pamoja na muhuri wa halmashauri juu yake.

Msaidizi wa Shinyanga aliandika tena:

Mzee, hilo tutalifanya kwanza kabla ya jambo jingine lolote, kwa kuwa kikao cha baraza la madiwani kiko karibu na diwani wa viti maalumu tunafahamiana naye. Mama Taarifa, safu ya tarehe za kikao cha ukoo tutaianza kwa mashauri yaliyopo, ingawa katika baadhi ya kurasa za zamani tuliandika mwezi tu bila siku. Tutazitenga, wala hatutazihesabu pamoja na nyingine. Bi Unguja, nimekuandikia ujumbe pembeni kuhusu mawasiliano ya mashirika ya huko.